Reli Zimeungana, Tiketi Hazijaungana: Kukata Tiketi ya Treni ya Kuvuka Mipaka Ulaya

Pale Kidatu, mkoani Morogoro, reli mbili zinakutana bila kushikana. Ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na lile tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa lina milimita 1,000. Kwa tofauti hiyo ya milimita 67 mzigo hushushwa ukapakiwa upya, maana behewa la upande mmoja haliwezi kuendelea upande wa pili. Nimeanzia huko makusudi. Mtu wa kwetu akisikia habari za treni za Ulaya hudhani wenzetu tatizo hilo walishalimaliza. Kweli walilimaliza, lakini kwenye chuma. Ukiacha pembezoni, kama vile Finland, nchi za Baltiki na reli za zamani za Hispania na Ureno, sehemu kubwa ya bara lao ina upana mmoja wa milimita 1,435, uleule wa SGR ya Tanzania na ya Kenya. Behewa linaondoka Amsterdam jioni, linaamkia Vienna. Kisichoungana ni tiketi. Kidatu yao iko ndani ya kompyuta.

Naishi Bonn, mji ambao wasikilizaji wengi wa redio Afrika Mashariki wanaujua kwa sababu ndiko inakotangaza Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle. Kila inapokaribia Juni simu yangu hujaa. Huyu ana mkutano Brussels, yule anamtembelea mwanawe Uswisi, mwingine ni mwanafunzi wa Leuven anayetaka kula sikukuu Roma. Swali ni lilelile: "Kaka, tovuti gani nzuri ya kukatia tiketi?" Nami huwajibu kwa swali linalowaudhi kidogo: treni yenyewe ni ya nani, na mkononi utakuwa na mikataba mingapi?

Dirisha moja lililofungwa

Zamani dirisha moja lilikuwepo. Karani wa stesheni ya Köln angeweza kukuandikia tiketi ya hadi Roma, kwa sababu nauli ilikuwa hesabu ya kilomita. Kila shirika lilikuwa na kiwango chake kwa umbali, basi unajumlisha kipande cha Ujerumani, cha Uswisi na cha Italia, biashara imekwisha. Bei ya leo ilikuwa ndiyo ya mwezi ujao. Karatasi zilifuata mtindo mmoja uliokubaliwa na mashirika ya reli, ambayo tangu mwaka 1922 yana umoja wao uitwao UIC, na fedha waligawana baadaye huko maofisini.

Kilichovunja utaratibu huo ni treni za kasi zilizokuja na bei za mtindo wa ndege. Treni ikiwa tupu nauli hushuka, ikianza kujaa hupanda, na anayejua imejaa kiasi gani ni kompyuta ya mwenye treni peke yake. SNCF ya Ufaransa ina kompyuta yake. Deutsche Bahn ya Ujerumani, ambayo huku tunaiita DB, ina yake, ÖBB ya Austria yake, na vivyo hivyo Trenitalia ya Italia na Renfe ya Hispania. Mwenye duka hapendi kumfunulia jirani daftari lake la bei. Ndiyo maana tovuti ya DB itakuonyesha ratiba za treni karibu bara zima, mpaka za vijiji vya Poland, lakini ukiuliza bei ya treni nyingi kati ya hizo unaambiwa haiuzi. Itumie kwa ratiba, hakuna inayoishinda. Kwa kununua, hilo ni jambo jingine.

Mambo yalizidi kuchangamka sheria za Umoja wa Ulaya zilipofungua soko la treni za abiria za ndani ya nchi mwezi Desemba 2020. Kati ya Madrid na Barcelona leo wanagombania abiria watatu: Renfe, Ouigo iliyoingia mwaka 2021 na Iryo iliyofuata mwaka 2022. Trenitalia nayo imevuka hadi Paris na Lyon. Abiria kafaidika kwa nauli, ila madirisha yameongezeka. Mwaka 2024 Ursula von der Leyen, rais wa Halmashauri ya Ulaya, aliahidi sheria ya kumwezesha abiria kununua tiketi moja mahali pamoja, akiwa na haki zake kwa safari nzima. Mimi mpaka leo nikipanga safari nafungua madirisha manne kwenye kompyuta, na chai pembeni.

Mawakala wapo: Trainline, Omio, Rail Europe na wenzao. Wanaunganisha kompyuta za mashirika kadhaa na kukuonyesha bei pamoja, wengine kwa ada kidogo juu. Si vibaya kuwatumia, hasa kama tovuti ya shirika lenyewe inakataa kadi yako. Lakini wakala anakuuzia tiketi, treni si yake. Safari ikiharibika, dirisha la stesheni linaweza kukuambia urudi ulikonunulia, na ulikonunulia ni programu ya simu isiyopokea simu.

Hesabu mikataba, usihesabu treni

Fikiria basi la Dar kwenda Nairobi. Ukikata kwa kampuni moja hadi Nairobi, likiharibika Korogwe ni shida yao. Watakuletea jingine, au watakukalisha hapo wakiilaumu mvua, lakini mwisho watakufikisha. Sasa ukijifanya mjanja, ukakata hadi Arusha kwa kampuni hii na Arusha hadi Nairobi kwa kampuni ile, la kwanza likichelewa la pili halikujui. Limeshaondoka, na kiti chako kimekaliwa na mtu aliyepandia njiani.

Treni za Ulaya ni hivyohivyo, isipokuwa huku mambo yameandikwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782, iliyoanza kutumika tarehe 7 Juni 2023, inamlinda abiria kwa mkataba wake wa usafiri. Tiketi moja ya kukufikisha mwisho wa safari, hata ikiwa na treni tatu ndani yake, ni mkataba mmoja. Ikionekana utafika ukiwa umechelewa dakika 60 au zaidi, kampuni lazima ikupe uchaguzi: urudishiwe nauli, au upelekwe kwa treni nyingine bila kuongeza hata senti. Ukilazimika kulala njiani, hoteli iko juu yao. Ukifika umechelewa saa nzima lakini haijatimia saa mbili, unadai robo ya nauli, na kuanzia saa mbili unadai nusu. Kwa tiketi ya yuro 80 hiyo ni yuro 20 au 40, na wakikupa vocha unaweza kuikataa ukataka fedha.

Kipo kifungu ambacho hata wenyeji wengi hawakijui. Zikipita dakika 100 tangu muda ambao treni yako iliyokwama, au ile uliyoikosa, ilipaswa kuondoka, na hakuna aliyekueleza utapita wapi, unaruhusiwa kukata mwenyewe treni nyingine au basi na kudai gharama hiyo, mradi iwe ya kiasi. Tunza risiti. Piga picha ubao wa stesheni unaoonyesha ucheleweshaji.

Fidia ya fedha huondoka kama chanzo ni hali ya hewa kali kupita kawaida, mtu aliyeingia relini au wezi wa nyaya. Mgomo wa wafanyakazi wa kampuni yenyewe haumo katika visingizio hivyo. Haki ya kufikishwa mwisho wa safari haiondoki hata kwa mafuriko.

Sasa tazama mwenye tiketi mbili. Treni ya kwanza imechelewa dakika 50. Kwa mkataba wa kwanza hazijafika 60, kwa hiyo hadai kitu. Kwa mkataba wa pili treni iliondoka kwa wakati wake, yeye ndiye hakuwepo. Pande zote mbili hakuna aliyekosea kisheria, na abiria amesimama jukwaani na begi lake. Ndiyo maana nasema hesabu mikataba.

Kuna nafuu mbili. Ya kwanza, muuzaji akiunganisha tiketi mbalimbali kwa hiari yake bila kukuambia kwamba ni mikataba tofauti, kisha ukakosa treni ya kuunganishia, atakurudishia zote na kukulipa asilimia 75 ya bei yake juu. Wengi wanakwepa kwa kukuambia, kwa herufi ndogo za rangi ya kijivu. Zisome. Ya pili, baadhi ya mashirika makubwa yana makubaliano yajulikanayo kwa herufi AJC: ukikosa treni ya pili kwa kosa la ya kwanza, unapanda inayofuata ya kampuni ileile bila kukata upya, kama una uthibitisho wa ucheleweshaji. Mwone kondakta kabla hujashuka, akuandikie au akugongee muhuri. Hiyo ni hisani waliyokubaliana wao kwa wao, usiipangie safari kana kwamba ni haki yako.

Brussels hadi Vienna, kwa mfano

Mwaka mmoja dada yangu alikuwa na mkutano wa siku mbili Brussels, halafu anataka kupita Köln kunisalimia na kwenda Vienna kwa rafiki yake wa shule. Safari hii ina kila kitu ndani yake.

Brussels hadi Köln ni mwendo wa takriban saa mbili, na reli hiyo ina treni za kasi za wenyewe wawili: ICE za DB na Eurostar. Mbele ya Köln, ICE zinashuka Frankfurt, na kutoka Frankfurt kuna ICE zinazopita Nürnberg, Passau na Linz hadi Vienna kwa muda wa saa sita na nusu hivi. Kwa jicho la abiria, treni ya saa hii na ya saa ijayo Brussels ni mamoja: zote za kasi, zote zinafika Köln. Kwa jicho la mkataba zinatofautiana sana. Ukichagua ICE tangu Brussels, DB inakuuzia tiketi moja hadi Vienna. Ukichagua Eurostar mpaka Köln, umeshakuwa na tiketi mbili, na kila dakika Eurostar itakayochelewa ni mali yako.

Dada alikuwa ameona Eurostar ina nafasi kwa bei ya chini kidogo. Nilimwambia aiache. Tofauti ilikuwa yuro chache, na DB yenyewe si ya kuapia: mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni zake za masafa marefu zilizofika kwa wakati, na "kwa wakati" kwao ni kuchelewa chini ya dakika 6. Watu wa nyumbani hawaniamini nikiwaambia hivi kuhusu Wajerumani. Ukipanda treni za nchi hii na mikataba miwili, unacheza bahati nasibu.

Je, kusimama Köln? Hapa watu wengi huvunja tiketi vipande viwili bila sababu. Kwenye tovuti ya DB unaweza kuongeza kituo cha katikati na kuandika unataka kukaa hapo muda gani, saa moja, mbili, na zaidi, tiketi ikabaki moja. Unaweza pia kuiambia isikupe nafasi ya kubadilisha treni iliyo chini ya dakika kadhaa. Fanya hivyo. Mashine ikiachiwa itakupa dakika 7 Frankfurt, stesheni ambayo treni zote zinaingia na kutokea upande mmoja, na kutoka jukwaa la 19 hadi la 6 lazima uzunguke kichwani mwa reli zote. Ukiwa na begi la pilipili na samaki wa kukausha, dakika 7 ni za wanariadha.

Tulipopata ratiba, nikaangalia bei upande wa pili. Treni ya kuvuka mpaka mara nyingi huuzwa na mashirika ya pande zote mbili, na bei zao hazilingani. Kipande cha Frankfurt hadi Vienna kinauzwa na DB na ÖBB, treni ni ileile, kiti kilekile. Berlin hadi Praha, shirika la Kicheki mara nyingi ndilo la bei nafuu. Kuchungulia kwa jirani kunachukua dakika tano na wakati mwingine kunaokoa yuro ishirini. Lakini kumbuka hesabu yetu: usinunue kipande cha bei nafuu kwa jirani kama kinageuza mkataba mmoja kuwa miwili, isipokuwa umeacha mwanya wa saa kadhaa kati yao. Kama kati ya treni mbili unalala hotelini, basi vunja tiketi utakavyo.

Njia ya usiku pia ipo. ÖBB ilichukua biashara ya treni za kulala mwaka 2016, DB ilipoamua kuachana nayo, na Nightjet yake ya Amsterdam hadi Vienna hupita Köln usiku. Aliyewahi kupanda TAZARA hana la kuuliza: vyumba vya vitanda vinne ni kama daraja la kwanza letu, vya vitanda sita ni kama la pili. Tofauti ni kwamba hapa kuna na viti vya kukaa usiku kucha, ambavyo ni vya bei rahisi, lakini simshauri mtu mwenye umri wangu. Vitanda huisha mapema, hasa Ijumaa na wakati wa likizo za shule. Treni ya usiku ndiyo pekee ambayo nasema nunua siku ileile wanapofungua mauzo.

Mauzo hufunguliwa lini? Mara nyingi kati ya miezi mitatu na sita kabla, na kila shirika lina mapenzi yake. Renfe ni maarufu kwa kuchelewa. Ratiba mpya ya Ulaya nzima huanza mwezi Desemba, usiku wa Jumamosi ya pili, kwa hiyo anayetafuta treni ya Krismasi mwezi Juni akikuta patupu asidhani reli imefungwa.

Tiketi, kiti na pasi ni vitu vitatu

Hili linawachanganya hata wasomi. Tiketi ni haki ya kusafirishwa. Kiti ni kiti. Ujerumani na Austria, kwa treni nyingi za mchana, vimetengana: una tiketi, unaingia, ukikosa pa kukaa unasimama, na ukitaka uhakika unalipia kiti kando. Kwa treni za kasi, yaani TGV za Ufaransa, Frecciarossa za Italia na zile za Hispania, kiti na tiketi ni kitu kimoja na huwezi kupanda bila namba.

Tena tiketi ya bei ya chini kabisa, hasa ya DB na ÖBB, imefungwa kwenye treni uliyoichagua. Ukipanda ya saa moja baadaye kwa kupenda kwako, huna tiketi, na kondakta hatakuonea haya. Lakini treni za DB zikichelewa kiasi kwamba utafika zaidi ya dakika 20 nyuma ya ratiba, kufuli hilo linafunguka, na unapanda inayokufaa. Ile ya chini kabisa hairudishiki fedha. Ya juu yake kidogo hurudishika kwa makato kabla ya siku ya safari.

Pasi, yaani tiketi ya jumla ya siku kadhaa, ni habari nyingine. Eurail ilianza mwaka 1959 kwa wageni kutoka nje ya Ulaya, Interrail mwaka 1972 kwa vijana wa Ulaya, na siku hizi zote mbili zinafungua treni za nchi 33. Kinachoamua ni unapoishi, si rangi ya pasipoti. Mkenya mkazi wa Stockholm ananunua Interrail, binamu yake aliyetoka Mombasa ananunua Eurail, na wanakaa kiti kimoja. Unanunua siku, kwa mfano siku 4 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, na siku hiyo unapanda treni upendavyo. Ila kwa Eurostar, TGV na treni za usiku unalipia kiti juu ya pasi, na viti vya wenye pasi vina kikomo: vinaweza kwisha treni ikiwa bado nusu tupu. Kwa mtu mwenye miji mitatu na tarehe zinazojulikana, mara nyingi pasi ni hasara. Kwa anayetaka kuzurura Ujerumani, Austria na Uswisi bila kujua kesho ataamkia wapi, ni raha tupu. Luxembourg wala usihesabu siku: tangu mwaka 2020 treni zake za daraja la pili ni bure kwa kila mtu.

Viza, kabla ya yote

Vitabu vya Kizungu vya safari havisemi mengi hapa, kwa kuwa mwandishi wake hakuwahi kupanga foleni ubalozini. Viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zilizofutiana mipaka, inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi utakayoingilia. Kwa hiyo ratiba ya treni inaanza kuandikwa ubalozini: dada ataomba kwa Wabelgiji au kwa Waaustria kulingana na wapi atalala siku nyingi zaidi, na akibadilisha mpango baadaye lazima awe na maelezo. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla na si chini ya siku 15, ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima iwe ya angalau yuro 30,000. Usikate tiketi isiyorudishika kabla viza haijabandikwa. Ratiba iliyochapishwa na tiketi yenye makato madogo vinatosha kuonyesha nia.

Mtego mkubwa ni London. Uingereza haimo Schengen, inataka viza yake. Na aliyepewa viza ya Schengen ya kuingia mara moja, akipanda treni ya Paris kwenda London amejifungia mlango nyuma yake: kurudi Paris ni kuingia mara ya pili. Jina nalo linachangia, maana tangu mwaka 2023 Eurostar ni jina la treni za London na pia la zile za Paris, Brussels, Köln na Amsterdam zilizokuwa zikiitwa Thalys. Ile ya Brussels kwenda Köln unapanda kama unavyopanda daladala. Ile ya London unapita ukaguzi wa pasipoti wa pande zote mbili kabla hujaliona behewa, na milango inafungwa mapema kabla ya treni kuondoka. Fika saa nzima kabla, au zaidi.

Ndani ya Schengen mipaka imefutwa kwenye ramani, lakini tangu tarehe 16 Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Polisi hupanda Aachen, Passau au njia ya Salzburg. Sitalipamba: abiria mwenye ngozi yetu huombwa pasipoti kabla ya jirani yake. Iwe mfukoni, halisi, si kivuli na si picha ya simu, na si ndani ya begi lililoko mwisho wa behewa.

Malipo nayo. Tovuti nyingi zinataka Visa au Mastercard, na benki hutuma namba ya siri kwa ujumbe kwenye laini ya nyumbani. Kama umeiacha laini Tanga, tiketi hupati. Kadi za mtandaoni za M-Pesa hukubalika kwingine na kukataliwa kwingine, kwa hiyo jaribu ukiwa bado nyumbani. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti.

Majina na saa

Brussels ina stesheni kubwa tatu, na treni za kimataifa nyingi huanzia Bruxelles-Midi. Wageni hudhani Midi ni katikati ya mji. Hapana, maana yake ni kusini, na ubao ukigeuka Kiholanzi unaandika Brussel-Zuid. Liège ni Luik kwa Kiholanzi na Lüttich kwa Kijerumani. Vienna kwenye ubao ni Wien. Kuna Frankfurt ya mto Main, hii yetu, na Frankfurt ya mto Oder mpakani mwa Poland, mbali kabisa. Paris haina stesheni kuu hata moja: ukitoka Brussels unashukia Gare du Nord, na treni ya Milano au Barcelona iko Gare de Lyon, ng'ambo ya mji. Treni ya mjini iitwayo RER D inakupeleka kwa vituo viwili, lakini hesabu saa nzima. Venezia Mestre iko bara, Santa Lucia ndiyo yenye maji mlangoni.

Na saa. Treni ya usiku inayoondoka 00:20 tarehe 14 unapaswa kuwa stesheni jioni ya tarehe 13. Kwetu tunasema "usiku wa kuamkia tarehe 14" na hakuna anayepotea, ila mashine haina kuamkia.

Mimi mwenyewe nililizwa na hesabu rahisi kuliko hiyo. Dada alilala Köln kwa watu wa kwetu, sikuwa naye. Nilimtumia ujumbe: treni ya Vienna ni 07:43, jukwaa namba fulani, fika mapema. Yeye akamsomea mwenyeji wake, mwenyeji akasema saa saba, basi mna muda wa kupika. Saa saba kasoro mchana akanipigia kutoka stesheni, kanisa kuu liko nyuma yake kwenye video, amevaa vizuri, biriani kwenye kopo, anauliza mbona treni haimo kwenye ubao. Tiketi ilikuwa ile ya chini kabisa, isiyorudishika. Mpya ya siku hiyohiyo ilikaribia mara tatu ya ile ya kwanza, na hapakuwa na wa kumdai. Biriani tulilila pamoja jukwaani, maana nilipanda treni ya Bonn kwenda kumwona. Tangu siku hiyo siandiki tena 07:43 peke yake. Naandika: saa moja na dakika arobaini na tatu, ASUBUHI, jua linachomoza.